Miaka Isiyo na Cheo

Mama mdogo wangu aliomba jiwe la kaburi la mumewe liandikwe kwamba alifukuzwa kazi.

Aliomba hivyo mbele ya ukoo, uani kwake Butiama, siku tuliyokutana kupitisha maneno ya jiwe. Tena alisimama mwenyewe. Kwetu mjane hasimami katika kikao cha namna hiyo. Akiwa na neno humnong'oneza shemeji, na shemeji hulifikisha kwa wazee likiwa limeshalainishwa. Yeye aliweka chini ungo wa mtama, akakung'uta kanga, akaja mpaka katikati ya viti.

"Andikeni kwamba alifukuzwa," alisema. "Na mwaka muuandike."

Karatasi yenye maneno ya jiwe nilikuwa nimeishika mimi. Nilikuwa nimetoka tu kuisoma kwa sauti, na wanaume walikuwa wamepiga makofi.

Inabidi nirudi nyuma, maana bila hivyo mama mdogo ataonekana mtu wa ajabu, na hakuwa hivyo.

Mimi ni ripota wa redio pale Musoma. Kazi yangu kubwa ni vikao: baraza la madiwani Musoma, wiki nyingine Bunda, nyingine Butiama. Nimezoea kuandika nani kasema nini na kwa mpangilio gani, na kumaliza kabla ya taarifa ya habari. Kwa sababu hiyo kila msiba unapotokea katika ukoo wetu naitwa kuandika historia ya marehemu, ile inayosomwa kabla ya mahubiri: alizaliwa wapi, alisoma wapi, alifanya kazi gani, ameacha nani. Nimeandika nyingi kiasi kwamba shangazi mmoja aliniambia mbele ya watu, "Wewe ukija kunisalimia naogopaga. Naona kama unanipima sentensi."

Kuna sababu ya pili ya mimi kupewa kazi hiyo. Chuo kikuu nilisoma historia, na tasnifu yangu ilihusu maandishi ya heshima ya maseneta wa Roma katika karne za mwisho za dola yao. Sikuichagua mada hiyo kwa mapenzi. Mhadhiri alikuwa na picha nyingi za mawe hayo na hakukuwa na mwanafunzi mwingine aliyezitaka. Binamu zangu wanaiita digrii ya mawe. "Umekaa Dar miaka yote hiyo kusomea mawe," mmoja aliniuliza niliporudi, "na hapa Musoma tumejaa mawe mpaka kwenye vyoo?"

Mawe niliyosomea mimi yalikuwa misingi ya sanamu. Sanamu zenyewe nyingi zimepotea, msingi ukabaki na maneno yake. Seneta alichongewa sanamu katika uwanja wa mji, au nyumbani kwake, au katika mji wa mbali aliowahi kuutawala, na chini yake yakaandikwa maisha yake. Nasema maisha, lakini yalikuwa vyeo. Juu kabisa lilikaa jina. Baada ya jina zilifuata herufi mbili tu, ufupisho wa "mtu mng'aavu kabisa", hadhi ya kila seneta. Mwanzoni hadhi hiyo ilitosha. Baadaye walioitwa wang'aavu wakawa wengi mno, ikabidi zitungwe daraja nyingine juu yake ili waliong'aa zaidi wajulikane. Niliposoma hayo nilicheka peke yangu maktabani. Katika mabaraza ninayoripoti, wakongwe husimulia kwamba zamani wote walikuwa "ndugu". Wakaja waheshimiwa. Siku hizi kila aliyekaa meza ya mbele ni mheshimiwa, na mshereheshaji akitaka kumtofautisha mmoja wao analazimika kusema "mheshimiwa sana".

Baada ya hadhi zilipangwa kazi. Kulikuwa na zile za ujana, ambazo mtoto wa ukoo mkubwa alizipata mapema na ambazo shughuli yake kubwa ilikuwa kuwaandalia watu michezo. Ukuhani ulitajwa, kwa wale waliokuwa bado wanaihudumia miungu ya zamani. Halafu ugavana wa mkoa huu na ule, ukuu wa mji wa Roma wenyewe, na kwa wachache sana ukonsuli, uliokuwa heshima kubwa kiasi kwamba mwaka mzima uliitwa kwa majina ya makonsuli wake. Mawe mengine yalianza na kazi ndogo yakapanda, mengine yalianza na kubwa yakashuka. Kadiri karne zilivyokwenda, kazi ndogo ziliachwa, na nafasi yake ikachukuliwa na sifa: haki yake, ufasaha wake, mikono yake safi. Mwishoni waliandikwa walioliweka jiwe. Mara nyingi walikuwa watu wa mji fulani waliomwita seneta huyo mlezi wao. Nililitafsiri hivyo bila kusita, kwa sababu kwaya zetu nazo hutafuta mlezi, na kila mtu anajua mlezi ni wa kununua sare.

Lakini kilichonishika zaidi ni kile ambacho mawe hayo hayakusema. Hayakusema kwamba mtu aliondolewa kazini, hata pale tunapojua kwa njia nyingine kwamba aliondolewa. Hayakusema pia miaka. Watu wale walioweza kuupa mwaka jina lao hawakuandika ni mwaka gani walianza kazi hii na gani waliimaliza ile. Cheo kilifuata cheo. Kati ya kimoja na kingine pangeweza kuwa na miezi michache au miaka kumi, mtu yuko shambani kwake anaangalia mizabibu, anaugua, anaoza binti, anasubiri mfalme mwingine. Jiwe liliyabana yote hayo yakapotea, na maisha yenye mapengo makubwa yakasomeka kama ngazi. Katika tasnifu yangu niliandika kwamba huo ndio ulikuwa ufundi wa mawe hayo. Niliusifu.

Sasa baba mdogo, marehemu mwenyewe. Alikuwa mdogo wa mwisho wa baba yangu. Baba yangu, aliyekuwa mvuvi Rukuba, alishatangulia. Aliyebaki ni kaka yao mkubwa, baba mkubwa wangu, ofisa elimu mstaafu anayeishi Buhare. Baba mdogo aliishia darasa la saba. Alianza kazi akiwa karani wa pamba Bugwema, akisimama kwenye mzani msimu wa mauzo. Akawa mtendaji wa kijiji hukohuko. Kisha akapelekwa Bunda kuwa mtendaji wa kata, na hapo alikaa miaka mingi, mpaka lilipotoka agizo kwamba mtendaji asiye na cheti cha kidato cha nne aondoke. Akaondoka. Alirudi Butiama, akakaa bila kazi ya ofisi kwa miaka kadhaa. Baadaye wazazi walimchagua mwenyekiti wa kamati ya shule, na kanisa likamfanya mzee wa kanisa. Alifariki akiwa na vyeo hivyo viwili.

Kwetu jiwe haliwekwi siku ya mazishi. Udongo unaachwa ukae kwanza, na ukishakaa ukoo hukutana, hupitisha maneno, halafu mchungaji huja kulibariki jiwe, watu wakala. Zamani msalaba wa saruji ulitosha. Sasa watu wanataka jiwe jeusi linalong'aa, lenye historia. Baba mkubwa alinipa kazi hiyo kwa simu. "Andika kitu cha hadhi," alisema. "Weka vyeo vyake vyote. Kifupi, kinachosomeka kutoka barabarani."

Niliandika kwa jioni moja na nilijipongeza. Nilichoandika kilikuwa hiki:

Kwa baba yetu. Karani wa pamba, Bugwema. Mtendaji wa kijiji. Mtendaji wa kata, Bunda. Mwenyekiti wa kamati ya shule. Mzee wa kanisa. Mtu wa haki, mikono safi. Ukoo wake umemwekea.

Zaidi ya hapo ilikuwa tarehe ya kuzaliwa na ya kufa tu. Warumi wale wangekipokea bila kubadili neno. Kila mstari ulikuwa kweli, na ukiusoma kutoka juu kwenda chini unamwona mtu aliyepanda tu tangu ujana wake.

Hicho ndicho nilichosoma uani, wanaume wakapiga makofi, na mama mdogo akaweka chini ungo.

Aliposema neno lake, baba mkubwa akavua miwani.

"Shemeji, kaa. Hapa ni mambo ya kaburi, siyo ya baraza la kata."

"Nimekaa tangu tumzike."

"Unataka watu wapite barabarani wasome kwamba ndugu yetu alifukuzwa?"

"Wanajua. Bunda nzima inajua, na hapa wanajua. Ni jiwe tu ndilo halijui."

Kijana mmoja wa ukoo, aliyekaa nyuma kwenye kreti la soda, alijaribu kusaidia. "Shemeji, utamwaibisha bwana."

"Bwana hana aibu tena. Wewe ndiyo unayo, na suruali yenyewe imechanika huko nyuma, kaa vizuri."

Wanawake waliokuwa jikoni walicheka kwa nguvu. Hata baba mkubwa alishindwa kujizuia. Mama mdogo hakucheka. Alinigeukia mimi, akanyoosha kidole kwenye karatasi.

"Mwanangu, umesoma vizuri. Bugwema, Bunda, halafu shule, halafu kanisa. Sasa nikuulize. Alipokuwa mtendaji alikuwa analalaga wapi?"

"Bunda, mama."

"Alikuwa analalaga Bunda. Alikuja Jumamosi jioni, Jumapili kanisani, mchana amekula, anaondoka. Watoto walikuwa wanamwitaga mgeni. Mimi nalima, mimi nauguza, mimi nazika mama yake, yeye anakuja na mkate. Simlaumu, ndiyo kazi. Halafu wakamfukuza akaja nyumbani. Hiyo ndiyo miaka niliyoolewa. Umeisoma hapo? Mimi nimesikiliza yote, sikusikia hata siku moja niliyokuwepo."

Aliokota ungo wake akarudi jikoni. Wazee waliongea kwa kikwetu kwa muda, kisha wakasema tule kwanza. Nimehudhuria vikao vingi na najua maana ya "tule kwanza". Hakuna uamuzi uliofanyika. Mchungaji alikuwa ameahidi kuja Jumamosi.

Kesho yake nilikwenda kwa fundi wa mawe, Musoma mjini. Karakana yake ni bati nne na mashine moja inayopiga kelele mpaka ng'ambo ya pili ya barabara, na vumbi lake jeusi limetanda hadi kwenye migomba ya jirani. Jiwe la baba mdogo lilikuwa limeshakatwa na kusimamishwa ukutani, tupu.

"Dada mwandishi," fundi alisema bila kuzima mashine, "leo umeleta maneno au umeleta salamu?"

"Salamu."

"Salamu sichongi."

Nilimwambia bado tuna mjadala. Akasema mijadala ya familia anaifahamu, ana mawe matatu pale nyuma ambayo wenyewe bado wanajadiliana, na juu ya moja kuku wake anataga. Akanisihi nisimletee maneno nitakayokuja kuyabadilisha. "Hapa hakuna kufuta-futa kama kwenye kompyuta yako. Nikishapitisha, imepita."

Nilikaa kwenye benchi lake nikiangalia lile jiwe. Niliwaza kwamba kwa miaka yote niliyoyasoma mawe ya Warumi, sikuwahi kujiuliza swali alilouliza mama mdogo. Niliona pengo kati ya cheo na cheo kama kitu ambacho mwandishi mjanja amekificha, na nikamsifu kwa ujanja. Sikufikiri kwamba ndani ya pengo lile kulikuwa na mtu mwingine aliyekuwa akiishi, kwa mfano mke, aliyempata mumewe nyumbani kwa sababu tu mfalme hakumtaka tena. Kwa mtu huyo pengo halikuwa pengo.

Nilitoka hapo nikaenda Buhare kwa baba mkubwa. Nilitegemea ubishi. Nilimkuta sebuleni amekaa peke yake, televisheni imezimwa. Ukutani kwake vyeti vyote vimewekwa kwenye fremu, tangu cha kidato cha nne mpaka cha stashahada, na picha ya siku aliyoagwa kazini. Nimeviona tangu utoto na sikuwahi kuvitazama.

"Umetumwa na mama yako mdogo?" aliuliza.

"Sijatumwa. Nataka kujua niandike nini."

"Andika ulichosoma. Kilikuwa kizuri."

"Yeye anataka miaka."

"Miaka ya nini? Ukiweka miaka, mtu yeyote mwenye akili ataona hapa pana nafasi. Atauliza, kwani hapa alikuwa wapi? Watamwambia aliondolewa. Kwa nini? Hakuwa na cheti." Aliangalia dirishani, si ukutani. "Na akiuliza kwa nini hakuwa na cheti, watamwambia nini?"

Nilijua sehemu ya jibu, kwa sababu kila ukoo una simulizi kama hiyo. Babu alikuwa na ng'ombe wachache, na wa kuuza kwa ada ya shule walitosha mtoto mmoja. Lakini sikuwahi kumsikia baba mkubwa akilisema mwenyewe.

"Alikuwa na akili kuliko mimi," alisema. "Mwulize yeyote wa rika letu. Ila mimi nilikuwa nimetangulia. Siku wamemwondoa kazini alinipigia simu, akacheka. Akasema, kaka, wanataka kile cheti chako. Alikuwa anatania, alikuwaga mtu wa utani. Lakini sasa mimi niende nikasome jambo hilo kwenye jiwe, mbele ya mchungaji?"

Hapo ndipo nilipokumbuka jiwe moja kati ya yale ya tasnifu yangu, ambalo nilikuwa nimelipa ukurasa mmoja tu kwa sababu lilikuwa tofauti na mengine. Lilikuwa la mume na mke. Mbele lilikuwa na vyeo vya mume, vya kikuhani na vya serikali, vimepangwa vizuri, na vyeo vya ukuhani vya mke pia. Lakini nyuma, mke anazungumza na mumewe aliyekufa. Anamwambia kwamba yeye mwenyewe, mume, aliviona vyeo vile kuwa vitu vidogo vya kupita. Anamkumbusha yale aliyomfundisha na jinsi walivyoishi. Nilimweleza baba mkubwa hayo kama nilivyoweza.

"Kwa hiyo hao wazungu wa kale walikuwa na shida hii hii," alisema.

"Inaonekana."

"Mbele palibaki kama palivyo?"

"Mbele palibaki."

Alifikiri. Aliniuliza nyuma ya jiwe letu itaangalia wapi. Kwa jinsi kaburi lilivyokaa, mbele ni barabara, nyuma ni jiko la mama mdogo.

"Sawa," alisema hatimaye. "Ila ya nyuma mimi sitaisoma."

"Si lazima uisome, baba."

"Sijasema sitaki. Nimesema sitaisoma."

Fundi, nilipompigia simu, alilalamika kwamba nyuma ya jiwe haijang'arishwa na kwamba hakuna mtu anayesoma nyuma ya kaburi. Nilimwambia yupo mmoja. Akasema basi nilete maneno, lakini yasizidi ya mbele, asije akaonekana amechonga kinyume.

Nilifika Butiama siku mbili kabla ya Jumamosi. Mama mdogo alikuwa anamenya mihogo, akanisogezea kigoda na kisu kingine, maana kwake mtu hakai mikono mitupu. Nilimweleza kuhusu mbele na nyuma. Nilidhani ataona amepewa makombo.

"Nyuma inaangalia huku?"

"Inaangalia hapa jikoni."

"Basi ndiko."

Nikaweka kisu chini, nikatoa kalamu. Alianza kusema bila kusita, kama mtu aliyekuwa ameyapanga maneno hayo muda mrefu. Mumewe alifukuzwa Bunda akaja nyumbani, na mwaka wake akautaja. Alilima mihogo upande wa mtoni. Alimchimbia choo kipya.

"Mama, choo kiende kwenye jiwe?"

"Kwani wewe ukija hapa unakwendaga wapi?"

Tulicheka mpaka jirani akachungulia. Akasema basi niandike "alijenga", wenyewe watajua alijenga nini. Akaendelea. Alijifunza kusonga ugali, na wa kwanza ulikuwa uji. Hilo akasema nisiandike, lakini nijue. Alizoeana na mjukuu wao wa kwanza mpaka mtoto akawa hataki kulala kwa mama yake.

"Jioni tulikaa," alisema.

Nilisubiri amalizie. "Tulikaa tukifanya nini?"

"Andika hivyohivyo. Jioni tulikaa."

Niliandika. Nilidhani tumefika mwisho, nikaanza kuhesabu herufi kwa ajili ya fundi. Ndipo akasema, "Halafu wakamwita tena."

"Kumwita wapi?"

"Bunda. Si ulisikia baadaye walisema baadhi ya wale wa darasa la saba warudi? Walimpigia simu. Na yeye walimwita."

Sikuwa nimesikia kwamba baba mdogo alikuwamo. Wala hakuna mtu katika ukoo aliyewahi kulitaja, na baba mkubwa, nilipomuuliza baadaye, alisema kwenye simu kwamba hakujua. Mama mdogo aliendelea kumenya. Alisema mumewe aliamka mapema, akapiga pasi suti yake ya zamani kwa mkono wake mwenyewe, akapanda basi la kwanza. Kabla jua halijazama alikuwa amerudi, viatu vyekundu kwa vumbi. Aliketi pale pale nilipokuwa nimeketi mimi.

"Alisemaje?"

"Aliuliza kama mihogo imeshamenywa."

"Na wewe hukumuuliza?"

"Sikumuuliza."

"Siku nyingine je?"

"Hakuna siku niliyomuuliza." Aliutupa muhogo kwenye sufuria ya maji. "Niliogopa atanijibu, mwanangu. Angeniambia wamemkataa, ningeumia kwa ajili yake. Angeniambia amekataa yeye ili akae hapa na mimi, hilo nalo ningelibebaje? Mtu aache ofisi kwa sababu yangu. Yote mawili ni mazito."

Nilimuuliza angependa lipi liwe kweli. Aliniambia nishike kisu, mihogo haijimenyi yenyewe.

Kwenye jiwe, mistari ya mwisho ya upande wa nyuma inasema: Aliitwa tena Bunda. Alikwenda. Akarudi. Fundi aliichonga bila swali, ila alisema hajawahi kuchonga habari isiyo na mwisho. Jumamosi mchungaji alibariki mbele, watu wakaimba, baba mkubwa akasoma vyeo kwa sauti yake ya ukaguzi wa shule. Baada ya chakula nilimwona amesimama upande wa jikoni akiwa amevua miwani. Sikumsogelea.

Wakati naondoka, mama mdogo alinisindikiza mpaka barabarani. "Wewe ni ripota," alisema. "Una watu Bunda. Kaulize ilikuwaje. Lakini usiniambie mpaka nikuulize."

Bado hajaniuliza. Nimekwenda Bunda kwa ajili ya baraza mara kadhaa tangu hapo, na kila mara nimetafuta muda wa kupita kwenye ofisi ya kata. Aliyekuwa karani wakati ule anamkumbuka. Anasema aliingia asubuhi, akasalimia kila mtu, akakaa na mkubwa wa ofisi mlango umefungwa, na alipotoka alikuwa anatabasamu. Waliyoongea hajui, na mkubwa huyo alishahamishwa na simu yake haipatikani. Mama anayeuza chai ng'ambo ya ofisi naye anamkumbuka, kwa sababu ya suti. Anasema alikaa kwake asubuhi nzima akiuangalia mlango wa ofisi, akanywa chai mara mbili, akalipa, akaelekea stendi, na barabara hakuivuka kabisa.